Risasi za rivolva ya 38: ununue uzito gani kwa kujilinda, nimezipanga kuanzia ya kwanza

Kwa wenye leseni ya rivolva hapa Mwanza, hasa nyie wa samaki na wa dhahabu mnaofunga hesabu usiku na hela mkononi, swali ninaloulizwa kila mara ni hili, ninunue risasi nzito au nyepesi? Wengi wakifika dukani wanasema tu nipe za 38, wanapewa zilizopo wanaondoka. Geuza boksi kwanza. Pembeni pana namba na herufi gr, hiyo ni greni, ni uzito wa kile kichwa kinachoruka peke yake, ganda na baruti havimo. Greni 158 ni kama gramu 10, greni 110 ni gramu 7 na kidogo. Unaweza ukaona gramu 3 ni kitu gani, ila hizo ndo zinaamua teke mkononi, zinaamua risasi inagonga juu au chini ya pale ulipolenga, na inaingia kina gani.

Naongelea 38 Special, ndo jina kamili la risasi ya 38 ya kawaida, kwenye zile rivolva fupi za mtutu wa inchi 2, maana ndo watu wengi wanazobeba. Na hapa kuna jambo: ile spidi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwenye mtutu wa inchi 4, kwahiyo ya kwako itatoka polepole zaidi, na risasi yenye tundu kichwani inahitaji spidi ili ifunguke, yaani kichwa kitanuke kikigonga. Ikikosa spidi, au tundu likajaa uzi wa nguo, inapita kama risasi ya kawaida tu. FBI ya Marekani baada ya mapambano yao ya risasi na majambazi kule Miami mwaka 1986 walikaa wakaweka kipimo, risasi iingie kwenye jeli ya majaribio inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 46 hivi. Pungufu ya hapo haifiki panapotakiwa, ikizidi sana inatoka upande wa pili, na upande wa pili kwetu ni nyumba ya mtu.

Namba moja kwangu ni greni 130 na 135. Kuna Speer Gold Dot ya 135 iliyotengenezwa kabisa kwa ajili ya mitutu mifupi, na Federal HST ya 130. Uzito wa kati, zinafunguka hata kwa spidi ndogo na bado zinaingia vizuri. Lakini zote mbili zina alama ya +P, maana yake presha imeongezwa, sasa kama rivolva yako ni ya zamani au maelezo ya kiwanda hayasemi inabeba +P, achana nazo usijaribu bahati.

Namba mbili watu wataninunia, greni 148 zile bapa, wadikata, kichwa kimekatwa kama kizibo na kimezama ndani ya ganda. Zilitengenezwa kwa mashindano ya shabaha, zinakwenda taratibu, mita 210 hivi kwa sekunde, teke lake dogo mno. Hazifunguki na hazihitaji kufunguka, ule ubapa wenyewe unakata tundu safi na kina kinatosha. Mama mdogo wangu ana biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, ana leseni yake na rivolva nyepesi isiyofika nusu kilo, tulipoenda kwenye shabaha na risasi za +P alipiga mbili tu akaiweka chini, vidole vinatetemeka, ya pili hata karatasi haikugusa. Nikampa za 148 akapiga zote 5, zote ndani ya sahani ya wali kwa mita 7. Mtu wa hivyo umwambie anunue yenye nguvu ili iweje? Ubaya wake mmoja tu, kwa sababu hazina ncha zinasumbua kuingia kwenye silinda ukiwa na haraka, weka bapa ndani na za akiba beba zenye ncha.

Namba tatu greni 158. Vile vilengeo visivyorekebishika vya rivolva nyingi za 38 vimepangwa kwa uzito huu, risasi nyepesi inatoka mapema kabla mtutu haujanyanyuka kwahiyo inagonga chini kidogo. Ukizipata zenye kichwa cha madini laini ya risasi na tundu kichwani chukua, ila kama zina +P kumbuka lile onyo la juu. Zile za kichwa cha mviringo ndo za mazoezi, kwa kujilinda sizipendi, zinapita na kuendelea na safari, na mji wetu ni wa mawe jamani. Mtu yuko Mabatini au Igogo, nyumba zimepandana mlimani, jabali huku bati kule, risasi ikikosa ikagonga jiwe hujui inaruka kwa nani, kuna watoto wamelala. Mi hili linaninyima amani kuliko mwizi mwenyewe.

125 sina maneno nayo mengi, ni nzuri kama yako ina mtutu wa inchi 4. 110 ni nyepesi, teke dogo, ila nyingi zinafunguka haraka zinaishia juujuu, nunua tu ukikosa hizo za juu.

Ya mwisho kabisa, 357 Magnum, risasi ndefu na kali kuliko 38, ya greni 125 kwenye rivolva fupi. Rivolva ya 357 inapiga na za 38 (ya 38 haipigi 357, usilazimishe), kwahiyo wenye 357 wekeni 38 humo. Ile magnum chumbani usiku inakutoa mwanga machoni na masikio yanaziba, na ya pili huwezi kuirudisha kwenye shabaha kwa wakati.

Ukishachagua nunua maboksi mawili ya aina hiyohiyo kadiri leseni yako inavyoruhusu, moja la kupigia. Jaza 5, piga 4, itoe ile ya tano uilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Kama kichwa kimechomoka mbele hata kidogo, teke linakivuta, na kikitokeza nje ya silinda haizunguki tena, rudi kwenye risasi ya teke dogo. Rivolva nyepesi ndo zina hii shida sana. Na kwa sisi tunaokaa karibu na ziwa, unyevu na jasho la kiunoni vinaharibu, futa risasi kwa kitambaa kikavu, usizipake mafuta maana yanaweza kupenya yakaua fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Mama mdogo zake anazibadilisha kila mwaka, zile za zamani tunaenda kuzipiga kwenye shabaha.