Tairi mpya nne na upepo niliojaziwa: uzoefu wangu wa miezi minne

Nilibadilisha tairi zote nne mwezi wa tatu, saizi ileile iliyokuja na gari, 195/65R15, gari yenyewe ya familia ya siti saba kutoka Japani. Naandika hapa kwa sababu kilichonisumbua sio tairi, tairi ni nzuri na ningezinunua tena, kilichonisumbua ni upepo, na naona watu wengi wanapita palepale nilipopita mimi bila kujua.

Siku ya kufunga fundi akavalisha rimu, akabalansi, akajaza upepo, mi niko pembeni na simu yangu. Nikamuuliza fundi umeweka ngapi? Akajibu "45 bosi, tairi mpya inataka upepo wa kutosha, si unaona yenyewe imeandikwa". Akaniinamisha akanionesha ubavuni mwa tairi na kweli kuna maandishi madogo yametokeza kwenye mpira, MAX PRESS 44 PSI, PSI ndo kipimo cha upepo. Nikaridhika, maana nilijua kiwanda ndo kimesema.

Wiki mbili nilizoendesha vile sikufurahia kitu. Kila tuta gari inadunda, kila kiraka cha lami unakisikia kwenye mgongo, dashibodi ikaanza kulia kelele ambayo sijawahi kuisikia, mke wangu akaniuliza mbona gari imekuwa ngumu kuliko ilivyokuwa na zile tairi kipara? Halafu mvua za masika zikaanza, jioni moja nikafunga breki karibu na Mwenge gari ikateleza kidogo kabla haijashika, na nyuma nimepakia watoto. Hapo ndo nikaanza kutafuta.

Ile namba ya ubavuni ni kikomo, yani tairi isizidishwe hapo, sio kiasi cha kuweka. Tairi hiyohiyo inaweza ikafungwa kwenye gari ndogo nyepesi au kwenye gari nzito, kiwanda cha tairi hakijui wewe unaendesha nini. Anayejua ni aliyetengeneza gari, na yeye ameweka stika, fungua mlango wa dereva angalia kwenye nguzo. Ya kwangu imejaa Kijapani lakini namba zinasomeka, 195/65R15 na pembeni yake 230. Hiyo 230 ni kPa, kipimo kingine cha upepo, gawanya kwa 6.9 unapata PSI 33 na ushee. Kwaiyo mimi nilikuwa natembea na 12 zaidi! Usichukue 33 yangu ukaiweka kwenye gari yako, soma stika yako, gari nyingine mbele na nyuma zinatofautiana.

Nikanunua geji ya dijitali, elfu 25, na kale kamashine ka upepo ka kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Geji naipa nyota tano. Nilienda nayo sheli nikalinganisha na geji yao, tairi moja, dakika moja, yao inasema 33 ya kwangu inasema 30, sheli nyingine zikakubaliana na ya kwangu. Geji za pale zinaangushwa chini siku nzima, zinakanyagwa, sishangai. Kamashine nako kazuri ila kana kelele na kanapata moto haraka.

Sasa kosa la pili nimelifanya mwenyewe, na hili ndo nataka watu wa safari mlisome vizuri. Mwezi wa saba tulikuwa tunaenda Dodoma, alfajiri Dar nimepima zote nne 33 safi. Tumefika Morogoro jua limeshawaka, nikasema ngoja nihakikishe, nachomeka geji nakuta 38, nyingine 37. Nikashtuka, nikatoa upepo pale pale mpaka 33 zote, nikaendelea na safari kwa amani. Kesho yake asubuhi Dodoma, baridi ile ya Julai, napima nakuta 28. Hakuna pancha, hakuna valvu inayovuja, zote nne 28.

Nikampigia mjomba wangu, ameendesha malori njia ya Mbeya miaka mingi. Akanambia "mjomba, huo uliotoa haukuwa wa ziada, tairi ilikuwa na moto tu". Na ndivyo ilivyo, tairi ikitembea inapata joto, hewa ndani inatanuka, PSI 4 au 5 kupanda ni kawaida kabisa na waliotengeneza gari wameshalipigia hesabu hilo, ndo maana namba ya stika ni ya tairi ya baridi, iliyolala au iliyosimama kama masaa matatu. Ukitoa ya moto unakuja kuendesha na upepo mdogo, na upepo mdogo ndo unaopasua tairi barabarani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka kwa ndani, na wewe nje unaona tairi ipo sawa tu. Nilikuwa nimeondoka Morogoro na familia nzima na mizigo kwenye tairi za hivyo. Nikifikiria hilo mpaka leo sipendi.

Ukisafiri sasa: pima asubuhi kabla hujawasha gari, njiani usitoe kitu. Ukikuta moja imeshuka peke yake wakati wenzake zimepanda, hiyo ndo ya kuitafutia fundi pancha.

Kuna suala la kubadilisha saizi, maana jirani yangu ana gari kama yangu alitaka rimu za 16. Muuzaji akampa 205/50R16 zenye namba 87. Hiyo namba inayofuata baada ya saizi ni uwezo wa kubeba, 91 ya tairi za saizi yetu ya mwanzo ni kilo 615 kwa tairi moja, 87 ni kilo 545, kwaiyo kila tairi imepungukiwa kilo 70, na hapo huwezi kutibu kwa kuongeza upepo, unarudisha tairi. Akarudisha akachukua 205/55R16 91, hiyo upana umeongezeka lakini kimo karibu ni kilekile na mzigo ni uleule, akaweka upepo wa stika na gari ipo vizuri. Tairi zilizoandikwa XL, yani zilizoimarishwa kubeba mzigo zaidi, nazo muwe makini, namba yake ya mzigo inakuwa kubwa, mfano 95 ambayo ni kilo 690, ila zile kilo za juu unazipata ukijaza upepo mwingi zaidi, ukiweka uleule wa zamani hujaongeza uwezo kama unavyofikiri.

Nitrojeni waliniambia elfu 5 kila tairi, nikaacha. Hewa ya kawaida yenyewe asilimia 78 ni nitrojeni na bado utatakiwa kupima vilevile.

Miezi minne sasa, nimezikagua kashata, yani yale meno ya tairi, kwa vidole, katikati na pembeni zipo sawa, ingawa zile wiki mbili za 45 naona zilianza kula katikati kidogo. Gari imelainika, ile kelele ya dashibodi imepotea yenyewe. Napima kila baada ya wiki mbili, huwa inashuka PSI 1 hivi, naongeza mwenyewe uani.

Kitu cha mwisho nilichokuja kukikumbuka ni spea. Ya kwangu ni ile nyembamba ya dharura, ubavuni imeandikwa 420 kPa, yani PSI 60, na mwisho kilomita 80 kwa saa. Nimeitoa chini ya buti imejaa vumbi, nikachomeka geji, 18. Na hiyo ndo tulibeba Dodoma kwenda na kurudi. Nimeijaza hadi 60, nikipumzisha kamashine mara mbili katikati, na nimebandika karatasi juu yake yenye tarehe.