TAHADHARI: kijana wa mashine ya polishi anayezunguka wanapooshea magari Njiro na Kijenge

Jamani wa Arusha, na ninyi wa Moshi maana nasikia wikiendi anashuka huko, nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi. Huyo kijana amenitapeli, laki mbili na themanini zimekwenda. Lakini hela siyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba nilisimama pale na macho yangu mawili, mimi ninayehesabu hela za watu kazini siku nzima, nikamshukuru. Nikamnunulia na soda.

Gari lilifikaje kwenye rangi sirudii, ile habari ya Kisongo na mbuzi niliyowaandikia hapa mmeshaicheka vya kutosha. Harrier yangu, ile wanayoiita tako la nyani, nyeusi, ilikuwa na wiki tatu tangu ipigwe rangi nzima kwa milioni moja na laki nne, na rangi yenyewe ilitoka safi. Ila gereji walipomaliza waliipitishia msasa wa maji na mashine kutoa vumbi lililonasa kwenye klia, lile koti la juu linaloonesha rangi ya chini, wakaacha michirizi. Kivulini huioni. Ukilitoa juani, pale jua linapopiga unaona viduara juu ya viduara, utando wa buibui mtupu. Kwenye silva ningevumilia. Kwenye nyeusi ni aibu. Ningemrudia fundi rangi mwenyewe, lakini tulikuwa hatusemeshani tangu tulipogombana kwa ajili ya bampa, na harusi ya shemeji Moshi ilikuwa Jumamosi, bi harusi anapanda gari langu. Nilishaahidi mbele ya kikao.

Jumatano nikawa Njiro, pale ninapooshea kila wiki huu mwaka wa nne. Kijana akaja na pikipiki, nyuma kafunga boksi la mashine. Overoli safi, haina hata doa. (Fundi gani wa magari ana overoli isiyo na doa? Hilo nalo nililiona nikaliita usafi.)

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada, rangi yako imepigwa vizuri. Huyu fundi anajua kazi. Waliokuharibia ni waliosugua."

Sasa hapo ningesema nini? Ndicho nilichokuwa nasema nyumbani kila siku na hakuna anayenisikiliza. Akawasha tochi ya simu, akaipitisha juu ya boneti, viduara vyote vikajitokeza. "Umeviona?" Nikasema nimeviona. Akabandika utepe wa karatasi katikati ya boneti, akamimina kapaundi, ile dawa ya kusugulia, akaanza kusugua upande wa kulia. Mashine inalia, matone meupe yanaruka mpaka kwenye kioo, mimi nimekunja mikono kama mkaguzi. Baada ya robo saa hivi akafuta kwa kitambaa laini, akabandua utepe.

Mungu wangu! Upande mmoja ukungu, upande mwingine kioo. Niliona matawi ya jakaranda lililokuwa juu yetu, nikaona na uso wangu mdomo uko wazi. Akamwagia maji, yakaviringika yakatiririka kama kwenye jani la gimbi. Vijana wa kuosha wakapiga mluzi. Mwenye eneo naye yuko pembeni anatikisa kichwa kwamba ndiyo, huyu ni mtu wa kazi.

Tochi hakuiwasha tena. Hilo nimelikumbuka juzi saa nane za usiku, nikakaa kitandani.

Tukaelewana laki mbili na ishirini gari zima. Nikatoa simu nimtumie nusu. Akakataa! "Hapana dada, utanilipa ukiridhika." Hapo ndipo aliponimaliza. Niambieni, tapeli gani anayekataa hela? Maisha yangu yote nimefundishwa kuogopa anayetaka hela mbele, hakuna aliyenifundisha kumwogopa anayeikataa.

Alimaliza saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua limeshazama, tuko chini ya balbu moja, gari linang'aa kama jiwe la mtoni. Akanishauri niongeze elfu sitini apake seramiki, ile dawa ya kulinda rangi, ya miaka mitano. Kichupa hakina karatasi yoyote, kinanuka kama yale mafuta ya kung'arishia dashibodi. Nikaongeza. Nikatuma zote kwa mpigo, na ya kutolea juu. Masharti yake: nisioshe wiki mbili, vumbi nifute kwa kitambaa kikavu. Arusha hii, kiangazi hiki, nifute vumbi kwa kitambaa kikavu!

Alhamisi baba watoto akauliza mbona gari lina mafuta mafuta. Nikamjibu kwamba hajui seramiki. Nilimjibu vibaya, na kwa kuwa anasoma hapa, samahani baba.

Jumamosi asubuhi tumefika Moshi, wale watoto wa upande wa bwana harusi, kwa nia njema kabisa, wakaliosha kwa sabuni ya vyombo. Nikalikuta limeshafungwa maua na riboni. Saa saba mchana, nje ya kanisa, Kibo imetoka yote haina wingu, jua liko utosini, na gari langu linaonekana kama limesuguliwa kwa stilwaya. Viduara vimerudi vyote, na juu yake kuna mawimbi mapya, marefu, yanayotembea ukitembea. Mpiga picha akaja akaniambia kwa upole, "Dada, tunaweza kulisogeza gari kivulini? Linatusumbua kwenye picha." Kwa upole. Bora angenitukana.

Namba yake haipatikani. Picha yake ya WhatsApp imepotea. Mwenye eneo ananiambia yeye alimpa kivuli tu.

Jumatatu nikameza aibu nikaenda Unga Limited kwa fundi rangi. Hakucheka, nashukuru. Alichukua kitambaa chenye spiriti, akafuta kipande cha mlango palipokuwa pamebaki pazuri, michirizi ikatokea hapohapo. Yule hakuiondoa, aliijaza mafuta. Mashine aliipeleka kasi kwa pedi ya sufi ngumu na hakumalizia na sponji laini, ndiyo yale mawimbi. Ukingoni mwa boneti ameila klia yote, pamepauka. Hapo hakuna cha kupolishi, boneti inapigwa upya, laki moja na nusu. Tena rangi mpya bado inatoa viyeyusho vyake, waksi au seramiki ilitakiwa isubiri miezi miwili au mitatu. Michirizi angeitoa yeye bure, angesugua taratibu na kuiacha rangi wazi. Bure, jamani. Kwa ajili ya ugomvi wa bampa!

Sitaki apigwe. Nataka akalishwe juani saa saba, amekumbatia boneti yangu, tochi ya simu mkononi, ahesabu viduara kimoja kimoja kwa sauti. Halafu anyang'anywe mashine ikauzwe. RB ya polisi ninayo tayari, na huyu mwenye kivuli naye aitwe, maana kivuli hakitikisi kichwa. Mtu kama huyu akiachwa kesho atawauzia wazee wetu dawa za macho.

Mnaouliza dalili ni hizo, nimeshasema: tochi huwaka kabla na haiwaki baadaye, anakabidhi jioni, anakataza kuosha. Mwambie akufutie kwa spiriti mbele yako, lipeleke gari juani ndipo ulipe. Nimesahau nyingine, nina hasira.

Mara ya mwisho alionekana Kijenge juzi, anasugua RAV4 ya bluu ya mama mmoja. Kama ni wewe, mama, usioneshwe gari usiku. Lioshe kwa sabuni ya vyombo kesho asubuhi kabla hujamtumia hata shilingi, na ukiwa bado unaye hapo, mshikilie kwa maneno matamu unipigie. Soda nitanunua mimi.