TAHADHARI: tapeli wa kasuku wa kijivu na mayai ya kasuku, ukishalipa anakugeuzia kibao na kukutisha na polisi

Wadau mnaofuga ndege na wanyama wadogo majumbani, naomba msome hii yote na mumfikishie yeyote mnayejua anatafuta kasuku. Kuna mtu, au kundi la watu, wana peji wanaibadilisha jina kila wakigundulika (ndo maana sitaji jina, la leo kesho halipo), wanauza kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu anayeongea, kwa laki mbili na nusu. Pia wanauza mayai yake eti "yenye mbegu". Mara wako Arusha, mara Mwanza, mara Bukoba, na ukisema nakuja mwenyewe kumuona wanahama mji palepale. Ndege hayupo. Mayai hayapo. Na ukishatuma hela ya kwanza ndo kwanza wizi unaanza, na ile hatua ya mwisho ndo mbaya kuliko zote maana ndo inayowafanya watu wakae kimya na wengine wazidi kupigwa.

Safari hii kapigwa dada yangu, mtoto wa shangazi, yuko Morogoro, na kaniruhusu niandike. Binti yake alikua anataka ndege wa kuongea, dada akaona tangazo, akaandika inboksi, akajibiwa vizuri sana, "dada karibu, ndege ana miezi mitatu, kashazoea watoto". Akaambiwa atume laki mbili ya kianzio, hamsini atamalizia akipokea. Akatuma. Asubuhi yake anaambiwa ndege hawezi kusafiri kwenye basi bila kreti maalum yenye hewa, 85,000, hela inarudishwa ukirudisha kreti. Akatuma. Halafu cheti cha chanjo na kibali cha CITES (ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), 120,000. Akatuma. Halafu akapigiwa na mtu mwingine kabisa, sauti nzito, anajiita afisa, anasema mzigo umezuiwa getini unahitaji bima ya laki tatu, nayo "inarudi yote". Hapo ndo akanipigia mimi.

Nikamwambia nitumie kila kitu walichokutumia. Jamani.

Picha ya kwanza ni kasuku mwenye mkia mwekundu wa kung'aa, sawa, huyo ni wa kijivu wa kawaida, wa misitu ya Afrika ya kati. Picha ya pili, ambayo anasema ni ndege yuleyule, mkia ni wa rangi ya damu ya mzee karibu na weusi na mdomo wa juu una weupe weupe, huyo anaitwa Timneh na kwao ni Afrika Magharibi huko Liberia, Sierra Leone, Kodivaa. Ndege mmoja hawezi kuwa wote wawili. Halafu wote wawili macho yao ni ya njano. Kasuku wa miezi mitatu macho yake ni meusi au kijivu cha kiza, yanapauka taratibu na njano inakuja akishapita mwaka na kuendelea, kwa hiyo ukiambiwa kinda na picha ina macho ya njano basi picha ni ya ndege mzima wa mtu mwingine. Na ile vidio ya ndege anaongea, angalia ukutani nyuma ya tundu, soketi ni ya matundu mawili membamba kama za Marekani, sisi huku soketi zetu ni za pini tatu nene. Vidio imeokotwa mtandaoni.

Kile cheti ndo kilinimaliza. Kimeandikwa ndege kachanjwa kichaa cha mbwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha, hakuna daktari wa mifugo anayemchanja kasuku kichaa cha mbwa. Na kibali cha CITES kinahusu mnyama kuvuka mpaka wa nchi, hakihusiani na ndege anayetoka Arusha kwenda Morogoro, na kwetu kinatolewa na serikali, Idara ya Wanyamapori, hakitolewi na muuzaji kwenye WhatsApp kwa 120,000. Hapo hapo pia kumbukeni malipo ya serikali siku hizi yana control namba. Afisa anayekwambia mtumie bima kwenye namba yake ya simu, yenye jina la mtu binafsi, huyo si afisa.

Sasa sikilizeni hatua ya mwisho. Dada alipokataa kulipa ile laki tatu, usiku uleule akaanza kupokea meseji za "Kitengo cha Wanyamapori" kwamba kasuku ni nyara ya serikali, yeye amekutwa na kosa la kununua, ushahidi ni miamala yake mwenyewe, na kama hatalipa faini ya laki tano gari linakuja kumchukua na kesi hiyo haina dhamana. Yaani walewale waliomuuzia ndo wanamtisha kwa kununua! Alilia. Alikua tayari kukopa. Na ndo nikaelewa kwanini hawa watu wanachagua kasuku na kobe badala ya simu au viatu, mtu akiibiwa hela ya simu anapiga kelele mtaa mzima ila huyu wa kasuku anaogopa hata kumwambia mume wake, maana wanakua wamempandikiza woga kwamba na yeye ni mhalifu. Wakati hakuna ndege aliyewahi kuwepo. Amenunua hewa. Aliyetendewa kosa ni yeye, na waliotenda wana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawasubiri.

Ila niseme ukweli maana woga wanaoutumia una kipande cha kweli ndani yake, na ndo kinaufanya uwe mkali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo na huwezi kujifugia mnyamapori nyumbani bila kibali, ukitaka kujua nini kinaruhusiwa nenda TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, uulize, kuuliza si kosa. Kasuku wa kijivu ndo kabisa. Nchi wanachama wa CITES walikutana Johannesburg 2016 wakampandisha kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na toka Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini imefungwa. Watu walikua wamewamaliza. Na msidhani kila ndege mdogo wa dukani ni salama, vile vikasuku vidogo vya kijani vyenye uso wa chungwa ambavyo wazungu wanafuga sana asili yake ni kwetu hapahapa, pande za Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, kwa hiyo vikitoka porini navyo ni wanyamapori. Muuzaji anayekwambia "hiki hakina shida dada, kila mtu anafuga" mwambie aonyeshe kibali chenye jina lake.

Na yule muuzaji ambaye ndege anaye kweli mkononi? Huyo naye mwangalie vizuri. Kasuku aliyezaliwa tunduni mara nyingi anakuja kukuchungulia, anapanda mkononi. Aliyetoka porini ukisogea ananguruma, sio kuimba, ni mngurumo wa hofu, anajibana kona ya tundu, mara nyingi mabawa yamekatwa ovyo na ukipapasa manyoya unakuta yamegandamana kwa ulimbo. Wengi wanakufa kabla hata ya kufika sokoni kwa kiu, msongamano na mshtuko, na aliyefika kwako anaweza kuwa na ugonjwa unaoingia mpaka kwa binadamu, ule wa mapafu unaotokana na vumbi la vinyesi vya kasuku. Wafugaji wa halali wanawavisha pete mguuni, pete iliyofungwa mzunguko mzima bila mwanya, kwa sababu inaingia tu akiwa bado kinda mdogo. Pete yenye mwanya uliokandamizwa kwa koleo inaweza kuvishwa ndege wa umri wowote, kwa hiyo hiyo haithibitishi alizaliwa wapi.

Mayai nayo niyaongelee kidogo maana kuna kaka humu aliulizia bei. Wanasema yai moja elfu thelathini, unaweka kwenye inkubeta ndani ya mwezi una kasuku. Yai la kasuku wa kijivu linaatamiwa siku kama 28 kweli, hapo wamesema kweli. Ila kiini kikishaanza kukua hakivumilii kutikiswa masaa kumi kwenye basi na kupoa njiani. Hata kama lingeangulika, hicho si kifaranga cha kuku kinachosimama na kudonoa. Kinatoka uchi, hakioni, kinalishwa uji wa moto wa kipimo maalum kila baada ya saa mbili hivi usiku na mchana siku za mwanzo, uji ukizidi moto unaunguza kifuko cha chakula, ukipoa hausagiki, na kazi ya kumlisha inaendelea kwa miezi mpaka ajue kula mwenyewe. Wafugaji wazoefu wenyewe wengi wanawaachia wazazi wiki za mwanzo. Hakuna mfugaji mwenye jozi ya kasuku wanaozaa ambaye atauza yai kwa elfu thelathini wakati kinda aliyekua huko Marekani anauzwa dola elfu moja na kwenda juu. Mayai yanauzwa kwa sababu ni rahisi kusema "yameharibika njiani".

Kama unaongea na muuzaji yoyote sasa hivi, wa kasuku, sungura, simbilisi, kobe, chochote, mwambie akupigie vidio muda huohuo, amshike mnyama na karatasi aliyoandika jina lako na tarehe. Huyu tapeli wa kwetu aliambiwa hivyo akasema kamera imeharibika, dakika mbili baadae akatuma picha mpya nne. Usitume kianzio kabla hujamuona mnyama kwa macho, na kama ni mkoani tafuta ndugu au rafiki aende. Hela yoyote inayoitwa "inarudishwa" hairudi.

Kama ushatuma, piga 100 ya mtandao wako hapohapo uwaambie muamala ni wa utapeli, wakati mwingine hela ikiwa bado haijatolewa wanaweza kuizuia, ikishatolewa ni ngumu sana. Namba ya tapeli iripoti kwenda 15040. Piga na *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana hawa wanaomba picha ya NIDA "kwa ajili ya kibali" na dada aliwatumia, kwa hiyo tumeangalia na tutaendelea kuangalia. Nenda polisi uchukue RB. Usifute chochote, meseji, namba, risiti za muamala, sauti, hata zile za matusi na vitisho, hizo za vitisho ndo muhimu zaidi. Na usimjibu tena, usimwambie unaenda polisi, akijua anazima laini.

Dada kashafungua RB Morogoro na zile laki tano hakutuma. Vitisho viliendelea siku mbili tatu halafu vikakatika vyenyewe, hakuna gari lililokuja. Askari aliyempokea alimwambia si wa kwanza kuleta cheti cha namna hiyo, shida waliopita hawakurudi kuandika maelezo. Kwa hiyo kama na wewe ulilipa kianzio, kreti au bima ya kasuku halafu ukatishiwa faini, hata kama ilikua mwaka jana, niandikie inboksi. Sitaki kujua ulipoteza kiasi gani, nataka namba uliyotumia hela na picha ya cheti walichokutumia, tuone kama ni haohao, tupeleke pamoja kwenye faili moja.