Uzoefu wangu na deskitopu za mbali za kukodi: seva imetoka chini ya kaunta, printa imegoma kuhama

Kwa miaka sita "seva" yetu, yaani mashine inayotunza programu na hesabu zote, ilikuwa kompyuta ya mezani chini ya kaunta, dukani Majengo, imefunikwa kitenge kuzuia vumbi. Anayeijua Dodoma ya mwezi wa nane, upepo unavyovuma, anajua kitenge kile kilikuwa cha kujifariji tu. Tunauza mafuta ya alizeti kwa jumla, stoo iko Kizota, na msimu wa mavuno kijana wetu anakaa Kibaigwa kununua mbegu. Kila jioni alipiga picha kaunta buku lake na kuituma WhatsApp, mhasibu akaanza kuingiza upya. Siku moja umeme ulikatika, uliporudi diski ikawa imekufa. Nakala ya mwisho kwenye flashi ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Siku nne tulihesabu madumu kwa mkono.

Ndipo nikakodi deskitopu nne za mbali, kwa malipo ya mwezi. Programu ya hesabu na data vinakaa kwa mtoa huduma, sisi tunaletewa picha ya skrini, na kinachokwenda huko ni kubofya na kuandika kwetu. Kompyuta zetu kuukuu zinatosha kabisa. Umeme ukikatika katikati ya ankara, ukirudi unaikuta palepale ulipoiacha. Kijana wa Kibaigwa sasa anaingiza magunia mwenyewe, na mhasibu anafunga hesabu akiwa kwake Ilazo.

Lakini ulizeni seva iko wapi kabla ya kuuliza bei. Mtoa huduma wa kwanza alituweka Ulaya: unaandika "Kongwa", neno linatokea wewe umeshahamia mstari mwingine. Wa pili akatuweka Johannesburg, na keshia akaacha kulalamika siku hiyohiyo. Nilinunua pia laini ya pili ya mtandao mwingine na betri ya kushikilia ruta, maana bila intaneti duka zima linakuwa kipofu. Hata hivyo Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti za baharini kati yetu na Afrika Kusini zilipokatika, laini zote mbili zilijikokota, tukarudi kwenye kalamu.

Kilichonitesa kuliko vyote ni printa. Yenyewe iko Majengo, programu iko Johannesburg, na kila asubuhi moja ilikuwa imeisahau nyingine. Wiki tatu fundi aliingia na kutoka. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ndiyo kabisa, tumeiacha ijitegemee: keshia anaandika mauzo kwenye programu, kisha anapiga kiasi kilekile kwenye mashine. Kazi mara mbili, na sijapata dawa yake.

Bili inakuja kwa dola. Mwaka 2024 dola ilipovuka shilingi 2,600 nililipa zaidi kwa huduma ileile. Nakala za data anazo mtoa huduma, ila mimi si mtu wa kuumwa na nyoka mara mbili: kila Ijumaa napakua yangu kwenye diski, nalala nayo nyumbani.

Mkataba unaisha mwezi wa sita. Nitauongeza, ila kwa deskitopu tatu. Ya nne ni ya mzee wetu wa stoo, ambaye mpaka leo anaandika kwanza kwenye kaunta buku, kisha anamwita mtu amwingizie.