Elbo ya bomba la maji: ipi ya kununua Unguja na Pemba, na namna ya kupima unene wake

Mtu anapokwenda Darajani au Mwanakwerekwe kununua vifaa vya maji, huchagua bomba kwa makini, kisha elbo, yaani vipande vya kona, huzinunua kwa kuuliza bei tu. Mimi naona ingefaa iwe kinyume chake, kwa sababu kona ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi. Presha inapokuwa sawa, ukuta wa upande wa ndani wa mkunjo huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko ukuta wa bomba lililonyooka. Kwa hesabu za wahandisi, kona ambayo nusu kipenyo cha mkunjo wake ni mara 1.5 ya kipenyo cha bomba huhitaji, upande wa ndani, unene wa takriban asilimia 25 zaidi ya bomba lenyewe. Na kona kali, ambayo nusu kipenyo cha mkunjo wake kinalingana na kipenyo cha bomba, huhitaji takriban asilimia 50 zaidi.

Kabla ya kuchagua, ni lazima ujue presha ya nyumba yako. Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hutoa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha), hivyo tangi lililo juu ya mnara wa mita 6 halifikishi hata bar moja kwenye mfereji wa chini. Hatari iko kwenye njia inayotoka kisimani kwenda tangini. Soma kimo cha juu, yaani mita ambazo mota inaweza kusukuma maji kwenda juu, kilichoandikwa kwenye kibao chake: mita 35 ni bar 3.5, na mota ya kuzamisha kisimani yenye kimo cha mita 90 hufikia bar 9 pale valvu inapofungwa. Juu ya hapo kuna pigo la maji, yaani mshtuko unaotokea maji yanaposimamishwa ghafla. Maji yanayokwenda kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, yakikatwa mara moja, huongeza takriban bar 6 kwenye bomba la PPR (plastiki inayounganishwa kwa moto), na kwenye bomba la chuma huweza kuongeza karibu bar 20, kwa kuwa chuma hakinyumbuki kama plastiki.

Kwa nyumba ya kawaida, chaguo langu la kwanza ni elbo ya PPR yenye alama ya PN20 au PN25; PN ni presha, kwa bar, ambayo kifaa kimetengenezwa kuibeba. Haipati kutu, nayo huunganishwa kwa kuchomwa hadi ikawa kitu kimoja na bomba. Katika bomba za PPR za milimita 20, ukuta wa PN10 ni milimita 1.9, wa PN16 ni 2.8 na wa PN20 ni 3.4; na elbo isiwe nyembamba kuliko bomba linaloingia ndani yake. Ikumbukwe kwamba namba ya PN ni ya maji ya nyuzi joto 20. Maji yanayotoka kwenye hita ya jua kwa nyuzi 70 hushusha uwezo huo chini ya nusu, na kwa hiyo PN10 haifai kabisa kwenye njia ya maji ya moto.

Kwa bomba linalolazwa ardhini kutoka kisimani, hasa kwenye uwanda wa mawe kama Micheweni au Makunduchi, naiweka mbele HDPE, plastiki inayonyumbuka, yenye elbo za kukaza kwa mkono za PN16. Bomba lake la milimita 32 lenye ukuta wa milimita 3, likiwa na alama ya PE100 (daraja la plastiki yake), hubeba bar 16, na hupinda lenyewe kiasi, jambo linalopunguza idadi ya kona.

PVC ya presha inafuata. Ni rahisi na hufungwa kwa gundi, lakini jua huifanya iwe kavu na kuvunjika, na joto huipunguzia nguvu: kwenye nyuzi 45 hubakiwa na takriban theluthi mbili ya uwezo wake. Ifiche ukutani au ardhini.

Elbo za chuma zilizopakwa zinki, ambazo mafundi huziita GI, zina nguvu kuliko zote zilizotangulia, na bado naziweka nyuma. Maji ya visima vya pwani yenye chumvi huzila kwa ndani, na huanzia kwenye uzi, ambako ukuta umekwisha kupunguzwa kwa kukatwa meno. Unene ulioupima dukani si unene utakaokuwa nao baada ya miaka kumi.

Elbo ya PVC ya maji machafu isinunuliwe kwa njia ya presha hata ikiingia vizuri, kwani haikutengenezwa kuzuia presha.

Kuhusu kupima, bomba hupimika mdomoni kwa kalipa, chombo chenye taya cha kupimia unene. Kwa PVC ndogo, gawa kipenyo cha nje kwa unene, toa 1, kisha gawa 200 kwa jibu hilo: bomba la milimita 25 lenye ukuta wa 1.9 hutoa takriban bar 16. Elbo ni ngumu zaidi, kwa sababu mdomo wake hauonyeshi unene wa mkunjo. Kwa hiyo nunua moja ya ziada na uikate kwa msumeno kwa urefu, upate nusu mbili. Pima upande wa ndani wa mkunjo na upande wa nje. Ukikuta upande wa ndani ni mwembamba kuliko bomba, rudisha zote. Gharama ya elbo moja ni ndogo mbele ya gharama ya kubomoa vigae. Kama hutaki kukata, ziweke mbili za kipimo kimoja kwenye mizani ya duka, na kama plastiki ni ya aina moja, uchague nzito.

Tazama pia maandishi yaliyochorwa kwenye mwili wake: kipimo, PN na jina la kiwanda. Elbo isiyo na namba ya PN usiikubali kwa maneno ya muuzaji. Na kabla fundi hajapiga plasta, mwambie afunge geji ya presha, ajaze njia nzima kwa mara moja na nusu ya presha utakayotumia, na aiache saa moja. Sindano ikishuka, tafuteni kona inayovuja wakati ukuta ungali wazi.