Uzoefu wangu: ofisi ya "kichuguu", kiyoyozi marufuku, jasho ruksa

Nyota moja, na hiyo nampa mlinzi wa usiku, si jengo.

Nimepanga chumba cha kuchapa na kutoa kopi kwenye ghorofa moja hapa Dar, lile linalotangazwa kwamba limeiga kichuguu cha mchwa. Kiyoyozi hakuna, na mkataba unakukataza kufunga cha kwako. Eti hewa inaingia kwenye matundu ya chini ya ukuta, inapanda, inatokea juu ya paa. Kipeperushi chao kina picha nzuri sana ya kichuguu. Wateja wangu wanajipepea nacho.

Kaskazi ilipoanza, chumba kikawa tanuri. Karatasi zinanyonya unyevu, pembe zinajikunja, printa inazitafuna. Nikapiga magoti kulikagua tundu nyuma ya meza: wavu umefunikwa na vumbi zito kama blanketi. Nikausafisha, nikashika kipande cha tishu mbele yake. Hakikutikisika hata kidogo.

Nikamfuata msimamizi. Hakuinua macho kwenye simu. "Dada, hili jengo linapumua lenyewe. Ukitaka baridi, nenda Lushoto."

Lushoto! Na kodi ya miezi sita nilishawalipa.

Mlinzi ndiye aliyenitoa tongotongo. "Mama, feni za juu wanazima saa nne usiku. Wanasema zinakula luku."

Sasa, jengo wanalojilinganisha nalo ni Eastgate la Harare, lililofunguliwa 1996, kazi ya msanifu Mick Pearce. Lile halipumui lenyewe hata kidogo. Lina feni, na usiku ndio wakati wake wa kazi: zinavuta hewa baridi ya nje, inapita kwenye zege, zege linapoa, halafu mchana linanyonya joto la watu na mashine. Ukizizima usiku, zege linaamka na joto la jana, unaliongezea la leo. Tena Harare iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wake unapoa kwelikweli. Hapa Dar mwezi wa Februari usiku mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 24, na unyevu juu yake. Zege utalipoza kwa hewa gani? Hata mchwa wenyewe wamesingiziwa kwamba kichuguu chao kinapoza kiota kwa hewa: watafiti waliopima vichuguu kule Namibia walikuta joto la kiota linafuata joto la udongo, na kichuguu kazi yake zaidi ni kubadilisha hewa.

Ila nisiwe mchoyo wa haki. Kipupwe kilichopita walikuja wageni kukagua jengo, feni zikaachwa zinazunguka usiku kucha kwa siku kadhaa. Asubuhi sakafu ilikuwa baridi miguuni, nikachapa mpaka jioni bila kuwaza joto. Siku zile ningewapa nyota nne. Sawa, tatu. Na umeme ninaolipa ni mdogo kuliko nilikotoka, siwezi kukataa. Wazo si bovu. Wageni walipoondoka, feni nazo zikalala.

Na kama ni kuiga, kwa nini wasivuke tu maji hadi Mji Mkongwe Zanzibar? Dari za juu, uwazi katikati ya nyumba, kuta nene za mawe na chokaa, vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Waliojenga kule walijua joto la pwani. Hawa wetu wameweka vioo visivyofunguka upande wa jua la magharibi! Hapana, nyota tatu nimezifuta.

Juzi wameleta ankara ya gharama za jengo, ina mstari unaosema "upoezaji wa asilia". Nimewarudishia na maandishi ya kalamu nyekundu: nionyesheni feni ikizunguka saa saba usiku, nitalipa siku hiyohiyo.