Zana za kuchuja hisa: chekeche lazima lionyeshe matundu yake

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitumia zana za kuchuja hisa karibu kila mwisho wa juma, nyingine za bure na nyingine za kulipia, na baada ya muda wote huo nimebaki na kipimo kimoja tu cha ubora wake. Siulizi tena zana ina vichujio vingapi. Ninauliza kama, ninapoiona namba mbele ya jina la kampuni, nitaweza kujua imekokotolewa vipi, kutoka hesabu za kipindi gani na kwa sarafu gani. Zana inayojibu maswali hayo matatu nitaitumia hata kama sura yake ni ya kizamani, na isiyoyajibu siihitaji hata nikipewa bure.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Masoko ya hisa yana maelfu ya kampuni, na hakuna mtu mwenye siku za kutosha kusoma hesabu za kila moja. Mwekezaji anaweka masharti yake, kwa mfano ukubwa wa kampuni, bei ikilinganishwa na faida, kiasi cha deni au kiwango cha gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa, ikilinganishwa na bei ya hisa), na programu inamrudishia majina yaliyotimiza masharti hayo. Kila jina linalobaki ni la kuchunguzwa, si la kununuliwa. Watu wengi hupotea hapo, kwa sababu orodha fupi iliyopangwa vizuri hufanana sana na ushauri.

Nianze na Finviz, tovuti ambayo ndiyo niliyoitumia kwa muda mrefu zaidi. Inahusu hisa zilizoorodheshwa katika masoko ya Marekani, kwa hiyo kampuni ya nchi nyingine utaikuta humo ikiwa tu hisa zake zinauzwa huko pia. Vichujio vyake vimegawanywa katika mafungu matatu: maelezo ya jumla ya kampuni, hesabu zake, na mwenendo wa bei. Toleo la bure lina bei zinazochelewa, jambo ambalo halimsumbui mtu anayekusudia kushika hisa kwa miaka, na anayetaka bei za papo hapo au kuzipakua data atalazimika kulipia. Ninachokipenda zaidi ni vitu viwili vidogo. Kwanza, masharti uliyoyachagua yanaandikwa ndani ya anwani ya ukurasa, hivyo ukiihifadhi anwani hiyo umeuhifadhi mchujo wako wote na unaweza kumpa mwenzako auone kama ulivyouona wewe. Pili, ukipeleka kishale juu ya kipimo, unaonyeshwa kama kimetokana na hesabu za miezi 12 iliyopita au za robo mwaka ya mwisho. Maelezo hayo ni mafupi mno kuliko ninavyotaka, lakini yapo, na zana nyingi za gharama kubwa hazina hata hayo.

Nieleze mchujo mmoja nilioufanya huko, kwa kuwa faida na kasoro za zana hizi huonekana mtu anapofanya kazi. Nilitaka kitu kinachokaribia masharti ambayo Benjamin Graham, mwandishi maarufu wa vitabu vya uwekezaji, aliyaweka kwa mwekezaji mwangalifu: bei isizidi mara 15 ya faida, mali za muda mfupi ziwe angalau mara mbili ya madeni ya muda mfupi, na gawio liwe linalipwa. Nikaongeza kwamba kampuni iwe na thamani ya zaidi ya dola bilioni 2 sokoni na deni lisilozidi nusu ya mtaji wa wanahisa, yaani mali zote ukiondoa madeni yote. Maelfu ya majina yakapungua mpaka orodha iliyoenea vizuri kwenye kioo cha kompyuta yangu. Ilikuwa orodha ya kuvutia, na nilihitaji saa nzima kuona kwamba masharti yangu mwenyewe yalikuwa yameipinda.

Hapakuwa na benki hata moja. Si kwamba benki zote zilikuwa ghali au dhaifu. Ni kwamba mizania ya benki haitenganishi mali na madeni ya muda mfupi kwa namna ambayo kampuni ya viwanda hufanya, kwa hiyo kipimo kile hakipo kwao na programu iliziondoa kimyakimya. Sekta nzima ilikuwa imetupwa bila mimi kukusudia. Halafu, waliojaa juu ya orodha walikuwa kampuni za meli za mizigo, za madini na za ujenzi wa nyumba, yaani biashara ambazo faida yake hupanda na kushuka kama maji kujaa na kupwa. Hisa za biashara za namna hii huonekana za bei rahisi kupita kiasi wakati faida iko kileleni, kwa sababu bei ya leo inagawanywa kwa faida ambayo wenye soko wameshahisi kwamba haitadumu.

Na kulikuwa na kampuni moja ambayo uwiano wake wa bei kwa faida ulikuwa mdogo kupindukia. Nilifungua ripoti yake na kukuta kwamba ilikuwa imeuza ardhi mwaka huo. Hesabu ya jambo hili ni nyepesi: tuseme hisa ni dola 60 na faida ya kawaida kwa kila hisa ni dola 3, uwiano ni 20. Mauzo ya ardhi yakiongeza dola 7 za mara moja, faida inasomeka 10, uwiano unashuka hadi 6, na kampuni iliyokuwa ghali inapita kwenye chekeche kama mali ya kuokota. Zana haikudanganya. Iligawanya kama ilivyoagizwa.

Vivyo hivyo kwa kiwango cha gawio, ambacho wengi hukipenda kuliko vipimo vyote. Hisa ya dola 100 inayolipa dola 4 ina kiwango cha asilimia 4. Bei ikiporomoka hadi dola 40 kwa sababu biashara imeharibika, programu itaandika asilimia 10 na kuipandisha hisa hiyo juu ya orodha, na itaendelea kuiweka hapo mpaka siku bodi ya wakurugenzi itakapokaa na kulipunguza gawio. Ninapochuja kwa gawio sasa huweka ukomo wa juu pia, na naona hilo limenisaidia zaidi kuliko ukomo wa chini.

TradingView, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2011, inajulikana zaidi kwa chati zake, lakini kichujio chake kinastahili heshima kwa sababu kinafika kwenye masoko ya nchi nyingi, na unaweza kuandika namba unayoitaka mwenyewe badala ya kuchagua kiwango kilichopangwa tayari. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ukomo wa 15 unaiacha nje kampuni yenye uwiano wa 15.1, ambayo huenda ni bora kuliko zote zilizobaki, na kwa sababu hiyo nimejizoeza kuanza na masharti yaliyolegea kidogo, kisha kupanga safu kwa macho yangu. Udhaifu wake kwangu ni wingi: safu ni nyingi mno kiasi kwamba anayeanza anaweza kupitisha jioni nzima akichagua vipimo ambavyo hajui maana yake. Yahoo Finance nayo ina michujo iliyotengenezwa tayari, kama ule wa hisa zilizopanda zaidi siku hiyo, na inafaa kujifunzia. Zaidi ya hapo siitegemei sana.

Sasa nifike kwenye huduma moja ya kulipia ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa kosa lenyewe linaweza kutokea popote. Niliilipia mwaka mzima kwa sababu iliahidi kampuni za dunia yote mahali pamoja. Katika mchujo wa kwanza ilinipa kampuni ya Japani yenye uwiano wa bei kwa faida wa 0.13, yaani kana kwamba mnunuzi angerudishiwa pesa zake kwa faida ya mwezi mmoja na nusu. Bei ilikuwa dola 24 kwa hisa zake zinazouzwa Marekani, na faida iliyowekwa chini yake ilikuwa 180, lakini hizo 180 zilikuwa yeni. Dola zilikuwa zimegawanywa kwa yeni na jibu likawekwa kwenye safu kwa herufi nzuri za kijani. Niliwaandikia. Walinijibu kwa adabu na kulisahihisha jina hilo moja, na nilipochuja tena mwezi uliofuata nikakuta kampuni nyingine mbili zenye kosa lilelile. Kosa lenyewe ningelisamehe. Kilichonikera ni kwamba hakuna mahali popote kwenye huduma ile palipoandikwa sarafu ya faida, na kosa nililigundua kwa sababu tu namba ilikuwa ya ajabu mno. Kama ingekuwa 8 au 9, ningeiamini.

Kuna namba nyingine ambazo hazina kosa lolote la programu na bado hazifai kuchujia. Tangu mwaka 2018, kanuni za uhasibu za Marekani zinataka kupanda na kushuka kwa thamani ya hisa ambazo kampuni inazimiliki kuingizwe katika faida ya kipindi, hata kama hazijauzwa. Berkshire Hathaway, ambayo ina hisa nyingi za kampuni nyingine, ilitangaza hasara ya takriban dola bilioni 22.8 mwaka 2022 na faida ya takriban bilioni 96.2 mwaka 2023, ilhali faida ya shughuli zake ilitoka takriban bilioni 31 kwenda 37 tu. Mchujo unaotaka kampuni zenye faida ungeitupa nje mwaka wa kwanza, na ule unaotaka ukuaji wa faida ungechanganyikiwa kabisa mwaka wa pili. McDonald’s nayo, baada ya kununua tena hisa zake kwa miaka mingi, ina mtaji wa wanahisa ulio chini ya sifuri. Basi anayeweka sharti la bei kulinganishwa na thamani ya vitabuni, yaani mtaji huohuo, au la deni kwa mtaji, huenda asiione, ingawa migahawa yake inaingiza fedha kila siku.

Hata sekta, ambayo ungedhani ni jambo la wazi, hubadilika. Katika mpangilio wa sekta ulioundwa mwaka 1999 na watengenezaji wa fahirisi za masoko, MSCI pamoja na Standard & Poor’s, ambao leo una sekta 11, Alphabet na Facebook zilihamishwa kutoka teknolojia kwenda huduma za mawasiliano mwaka 2018, na Visa na Mastercard zikatolewa teknolojia na kupelekwa sekta ya fedha mwaka 2023. Tena si kila zana hutumia mpangilio huo, hivyo neno “teknolojia” kwenye zana mbili linaweza kuwa na kampuni tofauti.

Zana nyingi huweka pia alama zilizokokotolewa tayari. Alama ya Piotroski, ya mwaka 2000, ina majaribio 9 ya ndiyo au hapana kuhusu faida, deni na ufanisi, na naiona inafaa sana, hasa kwa kuzipembua hisa za bei rahisi ili pumba zitoke. Ile ya Altman, ya mwaka 1968, inayokusudiwa kuonya juu ya kufilisika, ilitokana na kampuni 66 za viwanda. Kuikuta imeandikwa mbele ya jina la benki ni dalili kwamba waliotengeneza zana hawakufikiri.

Kuhusu kipengele cha kujaribu masharti yako kwenye miaka iliyopita, ninakitumia kwa tahadhari kubwa. Ikiwa kanzi ya data ina kampuni zilizo hai leo pekee, basi jaribio la mwaka 2007 litafanyika bila Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani iliyoomba kufilisika Septemba 2008, na bila wengine wote waliotoweka. Matokeo yatakuwa matamu kwa sababu wafu hawakuhesabiwa. Vilevile, kampuni kubwa za Marekani zina siku 60 za kuwasilisha ripoti ya mwaka na ndogo zina hadi siku 90, kwa hiyo jaribio linalonunua hisa Januari kwa hesabu za Desemba linatumia habari ambazo siku hiyo hakuna mwekezaji aliyekuwa nazo. Kabla ya kulipia kipengele hiki, waulize wauzaji kwa maandishi kama kampuni zilizokufa zimo, na kama tarehe inayotumika ni ya kuwasilishwa ripoti au ya mwisho wa kipindi.

Kwa anayeanza ningesema Finviz inatosha ikiwa analenga hisa za Marekani, na TradingView ikiwa anahitaji nchi nyingine. Kisha, majina yakishafika kumi au chini ya hapo, afunge zana na kufungua ripoti zenyewe, ambazo kwa Marekani zinapatikana bure kwenye hifadhi ya EDGAR ya mamlaka ya masoko ya mitaji. Ninachokitamani ni kile ambacho watumiaji wa zana kubwa za kitaalamu kama Capital IQ wanacho tayari: kubofya namba na kupelekwa kwenye ukurasa wa ripoti ilikotoka. Siku mtengenezaji wa zana ya kawaida atakapoweka hilo mbele ya mwekezaji mdogo, kwa bei anayoweza kuimudu, mwaka wangu wa kwanza wa ada nitaulipa siku hiyohiyo.